Kanuni ya Silabi na Mahali pa Ulinganishi: Uhakiki wa Mafunzo ya Vivumishi vya Kiingereza

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vinavyotumiwa shuleni Afrika ya Mashariki, somo la kulinganisha vivumishi huanza kwa jedwali lenye safu tatu. Safu ya kwanza ina neno "tall", ya pili "taller", na ya tatu "tallest". Chini ya jedwali huandikwa kanuni: kivumishi chenye silabi moja huchukua viambishi "-er" na "-est", chenye silabi tatu au zaidi hutanguliwa na "more" na "most", chenye silabi mbili hufuata njia ya kwanza kikiishia kwa "-y", na aghalabu njia ya pili kikiishia vinginevyo. Kisha hufuata orodha fupi ya maneno yasiyotii, kama vile "good", "bad", "little" na "much", ambayo mwanafunzi huamriwa ayakariri. Baada ya hapo somo huhesabiwa kuwa limekwisha.

Hata hivyo, makosa ambayo walimu huyasahihisha mwaka nenda mwaka rudi katika insha za wanafunzi ni ya aina mbili hasa. Aina ya kwanza ni "Ali is tall than Juma". Aina ya pili ni "Ali is more taller than Juma". Katika kosa la kwanza alama ya ulinganishi imepungua. Katika la pili imezidi. La kustaajabisha ni kwamba kanuni ya silabi, hata ikikaririwa bila kukosea neno, haiponyi hata moja kati ya makosa hayo. Aandikaye "more taller" amehesabu silabi sawasawa, na ndiyo sababu ameweka "-er". Naye aandikaye "tall than" huenda akaulizwa ubaoni hali ya pili ya "tall", akajibu "taller" pasipo kusita.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kanuni ya silabi hujibu swali ambalo si shida kuu ya mwanafunzi. Humwambia achague alama ipi kati ya mbili. Haimwambii ulinganishi hukaa wapi katika sentensi ya Kiingereza, wala haimwonyeshi kwamba hapo hasa ndipo Kiingereza na Kiswahili zinapoachana njia.

Kanuni kwa kipimo chake yenyewe

Kabla ya kufikia suala hilo la mahali, yafaa kanuni ipimwe kwa kipimo ilichojiwekea. Maneno "real", "right" na "wrong" yana silabi moja moja, lakini katika Kiingereza sanifu husemwa "more real", "more right" na "more wrong". Ndivyo yalivyo pia maneno yatokanayo na vitenzi, kama "bored", "lost" na "worn": ni mafupi, lakini hayakubali "-er". Kwa upande wa pili, "unhappy" na "untidy" yana silabi tatu, na bado "unhappier" na "untidier" ni maumbo halali, kwa sababu ndani yake mna "happy" na "tidy". Katika maneno ya silabi mbili mambo huzidi kutatanisha. "Clever" hutoa "cleverer", lakini "eager", lenye mwisho unaofanana nalo, halitoi umbo la namna hiyo. "Common", "polite" na "quiet" hupita njia zote mbili. Lewis Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1865 juu ya msichana Alice, aliliundia neno "curious" umbo la "curiouser" kwa makusudi ya kuchekesha. Na wasomaji wake walicheka kwa kuwa sikio lao liliikataa njia ambayo urefu wa neno peke yake hautoshi kueleza kwa nini imekataliwa.

Zaidi ya hayo, ziko sentensi ambamo silabi hazina kauli kabisa. Mtu akitaka kusema kwa Kiingereza kwamba fulani ana werevu lakini hana busara nyingi kiasi hicho, atasema "He is more clever than wise". Hawezi kusema "cleverer than wise", ingawa "cleverer" ni umbo linalokubalika mahali pengine. Sababu ni kwamba hapa hawalinganishwi watu wawili kwa sifa moja, bali sifa mbili kwa mtu mmoja. Sura ya sentensi ndiyo iliyochagua "more". Idadi ya silabi haikuulizwa.

Kuna na jambo la sikio. Kanuni hii humtaka mwanafunzi ahesabu silabi kama azihesabuvyo Mwingereza. Lakini silabi ya Kiswahili, kwa desturi yake, huishia kwa irabu, na maneno ya kigeni yaingiapo katika lugha huvikwa irabu: "school" likawa skuli, "club" likawa kilabu. Mtoto aliyelelewa katika mpango huo wa sauti aweza kwa haki kabisa kusikia silabi mbili katika "large" na tatu katika "strange". Kumwambia ahesabu silabi ndipo ajue kiambishi ni kumpa ufunguo ambao sharti kwanza awe ndani ya nyumba ndipo aupate.

Matabaka mawili ya historia

Vurugu hii haikutokana na uzembe wa Waingereza. Imetokana na kukutana kwa njia mbili za umri tofauti. Kiingereza cha Kale, kilichotumika hadi mnamo mwaka 1100, kililinganisha vivumishi kwa viambishi tamati: "-ra" kwa hali ya pili, na "-ost" au "-est" kwa hali ya tatu. Katika baadhi ya maneno irabu ya shina nayo ilibadilika. Kivumishi "eald", chenye maana ya -zee, kilitoa "ieldra" na "ieldest". Ndiyo asili ya "elder" na "eldest", ambayo leo yamebakia hasa katika mambo ya ukoo, huku "older" na "oldest" yakishika kazi nyingine zote. Maneno machache yalibadili shina zima: "god" likatoa "betera" na "betst", ambayo ndiyo "better" na "best" ya sasa.

Katika kundi hilo la maneno yenye kubadili shina limo neno linalostahili kuangaliwa kwa makini. Kivumishi "micel", maana yake -kubwa, kilikuwa na hali ya pili "mara" na hali ya tatu "mæst". Maneno hayo mawili ndiyo "more" na "most". Kwa hiyo "more" lenyewe ni kivumishi kilichokwisha kulinganishwa. Hapo kale maana yake ilikuwa kubwa kuliko. Katika ukurasa mmoja wa kitabu cha shule, "much, more, most" huwekwa chini, katika orodha ya maneno maasi, na "more" na "most" hayo hayo huwekwa juu kuwa nusu ya kanuni. Mwanafunzi haambiwi kwamba ni maneno yale yale, wala kwamba lililoitwa asi ndilo mzazi wa njia nzima ya pili.

Njia hiyo ya pili, ya kutanguliza "more" na "most", ilienea kuanzia karne ya 13 na ya 14. Haikuifukuza ile ya kwanza, wala mipaka kati yao haikuchorwa mara moja. Hata katika karne ya 16 na ya 17 waandishi mashuhuri waliambatisha "-er" na "-est" kwenye maneno marefu ambayo leo hayakubali, na pia walizitumia njia zote mbili kwa pamoja katika neno moja. Shakespeare alifanya hivyo mara kadhaa. Mfano ujulikanao kuliko yote umo katika hotuba ya Antonio juu ya pigo la Brutus, katika tamthilia ile ya Kaizari ambayo tafsiri yake ya kwanza ya Kiswahili, kazi ya Julius Nyerere, ilitoka mwaka 1963. Ben Jonson, ambaye sarufi yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1640 baada ya kufa kwake, hakuona aibu katika alama hizo maradufu. Alizisifu kuwa ni pambo linalofanana na ufasaha wa Wagiriki wa kale wa Athene.

Hukumu iligeuka katika karne ya 18. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilishutumu neno "lesser" kuwa ni uharibifu wa kishenzi wa "less". Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, aliandika katika sarufi yake ya mwaka 1762 kwamba ulinganishi maradufu haufai. Hata hivyo alisamehe tamko moja la tafsiri ya zamani ya Zaburi, ambamo Mungu hutajwa kwa alama mbili za hali ya tatu. Kwa maoni yake lilifaa, kwa kuwa anayetajwa yuko juu ya kila kilicho juu. Hapa mhakiki hana budi kutua. Kama kosa lingekuwa kosa la sarufi kweli, utukufu wa mtajwa usingeliondoa. Msamaha huo waonyesha kwamba lililokatazwa ni suala la adabu ya uandishi, nalo limevishwa joho la mantiki.

Lugha yenyewe haikumsikiliza Johnson wala Lowth katika yote. "Lesser" lingali linatumika bila lawama, ingawa ndugu yake "worser" alitupwa. "Near" hapo awali lilikuwa hali ya pili ya "nigh", na "next" hali yake ya tatu; kwa hiyo kila asemaye "nearer" ameweka ulinganishi juu ya ulinganishi bila kujua. "Foremost" nalo limejengwa juu ya umbo la kale ambalo lilikwisha kuwa la hali ya tatu. Haya hayasemwi ili "more taller" ihalalishwe katika mitihani. Kiingereza sanifu cha leo hakilikubali, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Yanasemwa ili mwalimu ajue kwamba mwanafunzi huyo amepita njia ambayo wenye lugha wameipita mara nyingi, na kwamba kumwita mjinga ni kuwaita hivyo watu wengi wasiostahili.

Ngazi isiyo ngazi

Jedwali la safu tatu lina asili ya mbali zaidi ya Uingereza. Donatus, mwanasarufi wa Kilatini wa karne ya 4, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba viwango vya ulinganishi ni vitatu, na sarufi za lugha za Ulaya zikarithi hesabu hiyo. Kwa Kilatini picha ya ngazi ilikuwa na kiasi cha ukweli, kwa sababu hali ya tatu ya lugha hiyo iliweza kumaanisha sana, pasipo kulinganisha na yeyote. Kiambishi "-est" cha Kiingereza hakina uwezo huo katika matumizi ya kawaida. "Most" kinao: husemwa "a most useful book" kwa maana ya kitabu chenye manufaa sana. Hata hapa alama mbili ambazo kanuni huzihesabu kuwa sawasawa zinatofautiana katika maana.

Otto Jespersen, katika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya falsafa ya sarufi, aliipinga picha hiyo ya ngazi. Alionyesha kwamba hali ya pili haiko juu ya ya kwanza: akisemwa mtu kuwa ni "older than" mwingine, haikusemwa kwamba ni mzee. Watoto wawili wachanga waweza kulinganishwa kwa umri bila yeyote kati yao kuzeeka. Tena hali ya tatu haina kiasi kikubwa kuliko ya pili. Hueleza kiasi kile kile kwa kutazamwa kutoka upande mwingine. Amina akiwa "taller than all the other girls", ndiye "the tallest of the girls". Hakuongezeka hata nukta moja kwa kuhamia safu ya tatu. Edward Sapir, katika makala yake ya mwaka 1944 juu ya kupima kwa viwango, alikwenda mbele zaidi: hata kivumishi kilichoachwa uchi katika safu ya kwanza kina ulinganishi uliofichika, kwa kuwa hakuna kitu kilicho kikubwa pasipo kingine cha kukipimia.

Hoja hizo mbili zikishikwa pamoja, jedwali huonekana lina kasoro iliyo kubwa kuliko ile ya silabi. Limekiondoa kivumishi katika sentensi yake. "Tall, taller, tallest" hukaririwa kama wimbo, na ndani ya wimbo huo hamna "than", hamna "the", wala hamna wa kulinganishwa naye. Mtoto amefunzwa mavazi ya neno asifunzwe kazi yake.

Mahali pa ulinganishi katika Kiswahili

Kiswahili huifanya kazi hiyo hiyo kwa mpango mwingine. Katika sentensi "Ali ni mrefu kuliko Juma", kivumishi hakikuguswa. "Mrefu" ni lile lile la "Ali ni mrefu". Mzigo wote umebebwa na "kuliko", nalo kwa umbo lake ni tamko la mahali: ku-li-ko, pale alipo. Urefu wa Ali umepimwa mahali alipo Juma. Njia nyingine ni ya kitenzi: "Ali amempita Juma kwa urefu", au "amemshinda", au "amemzidi". Leon Stassen, aliyechunguza ulinganishi katika lugha 110 na kutoa matokeo yake mwaka 1985, alionyesha kwamba njia ya mahali na njia ya kitenzi cha kupita ni miongoni mwa njia kuu za lugha za ulimwengu, na kwamba hii ya kitenzi imeenea sana barani Afrika. Tena katika lugha nyingi za ulimwengu kivumishi hakichukui alama yoyote. Kiambishi cha ulinganishi ndani ya kivumishi ni tabia ya lugha za Ulaya hasa, wala si kawaida ambayo lugha nyingine zimepungukiwa nayo.

Isitoshe, "kuliko" lenyewe laweza kukosekana. Mtu akiulizwa "Kipi kirefu, hiki au hicho?" swali limetimia, na hakuna alama hata moja ya ulinganishi, vitu viwili vilivyowekwa mbele ya macho vyatosha. Mdogo humwita nduguye "mkubwa wangu" na kila mtu akaelewa. Kwa ulinganishi wa upeo Kiswahili hakibadili chombo. Hubadili tu anayelinganishwa naye: "Amina ni mrefu kuliko wote". Hapo Kiswahili kimeuweka wazi ukweli ambao Jespersen alilazimika kuuchimbua katika Kiingereza. Hata "wenzake", katika "kuliko wenzake wote", hufanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa "other", yaani kumtoa Amina katika kundi asije akalinganishwa na nafsi yake.

Sasa makosa mawili yaliyotajwa mwanzoni yanaeleweka. Aandikaye "tall than" amelichukua "than" kuwa ndilo "kuliko", akaliamini kubeba mzigo wote, kama libebavyo katika lugha yake. Hakujua kwamba Kiingereza huugawa mzigo mara mbili: sehemu juu ya kivumishi, sehemu juu ya "than". Aandikaye "more taller" amekwisha kujua kwamba kivumishi nacho kinadaiwa kitu, lakini "more" kwake ni "zaidi", neno ambalo katika Kiswahili huongezwa kwa hiari popote msemaji atakapo mkazo: "bora zaidi", "mrefu zaidi kuliko". Hata maneno yaliyoingia Kiswahilini yakiwa na ulinganishi ndani yake hayakuhifadhi umbo lake kama mfumo. "Afadhali", "aghalabu" na "akali" katika Kiarabu ni maumbo ya kulinganisha, lakini Mswahili huyatumia kama maneno mazima. Katika methali "Heri kufa macho kuliko kufa moyo" ni "kuliko" tena linalofunga mizani. Hakuna katika lugha ya mwanafunzi jambo linalomfundisha kwamba kivumishi huweza kubeba alama ya lazima, tena moja tu.

Hitimisho

Lawama haiwaangukii walimu wa Kiingereza peke yao. Jedwali la safu tatu limehamishiwa hata katika baadhi ya mafunzo ya sarufi ya Kiswahili, ambamo wanafunzi huandikishwa "-refu, -refu zaidi, -refu kuliko vyote" kana kwamba kivumishi kimepanda ngazi, ilhali hakikutoka mahali pake. Zoezi la namna hiyo halimfunzi mtoto Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili hakina ngazi hiyo. Wala halimwandalii Kiingereza, kwa kuwa linamficha tofauti ambayo ndiyo itakayomkwaza. Kutoka hapo ni hatua fupi tu hadi kudhani kwamba lugha isiyo na jedwali ina upungufu.

Utaratibu mwingine unawezekana, nao hauhitaji vifaa vipya. Somo lianze na sentensi nzima, wala si na kivumishi kilichotengwa. Mwanafunzi aonyeshwe kwanza "Ali ni mrefu kuliko Juma" kando ya "Ali is taller than Juma", aulizwe ni maneno mangapi yanayobeba ulinganishi katika kila upande, na ayagundue mwenyewe: moja huku, mawili kule. Kisha aelezwe kwamba katika Kiingereza kivumishi hudai alama, na hudai moja tu. Hilo likiisha kushikwa, ndipo lije suala la "-er" au "more", na lije kama jambo la mazoea na la kusoma sana, likisaidiwa na kanuni ya silabi kwa kadiri kanuni hiyo inavyoweza kusaidia. Hapo itakuwa imerudishwa katika nafasi yake ya haki, ya mwisho katika somo. Naye mwalimu, akutanapo tena na "tall than" au "more taller", atajua kwamba yuko mbele ya mwanafunzi aliyesimama kati ya lugha mbili, na kwamba kazi yake ni kumwonyesha kivuko.